Hasira ya mkizi ndani ya tangi la kioo

Msikilizaji mpenzi, wahenga wetu wa pwani walisema: hasira ya mkizi, tijara kwa mvuvi. Wengi wetu tuliifundishwa methali hii shuleni, tukaiandikia insha, tukapewa alama zetu na kwenda zetu. Tuliambiwa kuwa mtu mwenye hamaki hujidhuru mwenyewe na kumnufaisha hasimu wake. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kumwona mkizi mwenyewe akiruka?

Mimi nilimwona Chokocho, kule Pemba, katika Wilaya ya Mkoani. Ilikuwa asubuhi, maji yanajaa, nasi tumekaa ufukweni tukisubiri chombo cha kuvukia Kisiwa Panza. Bahari ilikuwa shwari, mikoko imesimama kimya. Ghafla samaki akachomoka majini, ubavu ukimeta, akaanguka kwa kishindo. Kabla hatujasema neno akaruka wa pili, kisha wa tatu. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona wavu wake pembeni hakuinua hata kichwa.

Nikamwendea, nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikamwuliza: "Mzee wangu, hawa wana hasira na nani?"

Mzee akacheka. "Hasira gani, mwanangu? Huyo anakimbia. Chini yake kuna mkubwa wake anamtaka. Akiangukia ndani ya dau langu, basi ni riziki yangu, lakini yeye hakuruka kwa ajili yangu. Hakujua kama nipo."

Maneno hayo niliyachukua kama mazungumzo ya ufukweni tu. Sikujua kuwa baada ya siku chache yangenifaa mjini, sebuleni kwa dada yangu.

Dada yangu alikuwa amemnunulia binti yake samaki wa mapambo, yule mdogo mwenye mapezi marefu kama kanga iliyoachiwa upepo, ambaye wauzaji humwita beta au samaki mpiganaji. Alikuwa wa buluu, anang'ara kama hariri. Walimweka katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana, maji hadi ukingoni, juu ya kabati la televisheni. Dukani waliambiwa kuwa samaki huyu hana matata, hataki kitu. Siku ya tatu, mtoto akifagia, alimkuta chini ya kabati, mkavu kama dagaa.

Nilipofika, nyumba ilikuwa imejaa maelezo. Mmoja alisema samaki alikuwa na wazimu. Mwingine akasema ni paka, ingawa paka hawana. Mtoto mwenyewe alinitazama, akaniuliza: "Mjomba, kwani alituchukia?"

Msikilizaji, mazungumzo yetu ya leo ni jibu la swali hilo. Wako wengi mijini sasa wanaofuga samaki wa aina hii, Unguja, Dar es Salaam, Mombasa na kwingineko, na kisa cha samaki kukutwa sakafuni si kigeni kwao. Samaki hao hawana wazimu wala hasira. Wanaruka kwa sababu zinazojulikana, na sababu zinazojulikana huzuilika.

Kwanza tumjue mgeni wetu ametoka wapi. Beta ni samaki wa maji baridi, kwa maana ya maji yasiyo ya chumvi, na asili yake ni Thailand na nchi jirani. Huko kwao humwita jina lenye maana ya samaki anayeuma, kwa sababu madume yake hayapatani. Jina lake la kisayansi, Betta splendens, alipewa na mtaalamu wa Uingereza, Charles Tate Regan, mwaka 1910. Mwaka 2019 Serikali ya Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa hilo. Kwa hiyo huyu tuliyemweka kando ya televisheni ni samaki mwenye heshima kubwa kwao.

Makazi yake ya asili si mto mkubwa wala ziwa. Huishi katika mashamba ya mpunga, mifereji na vinamasi, penye maji ya kina kifupi, yaliyotulia, yaliyojaa majani. Maji hayo hupata joto jua likiwaka, na oksijeni ndani yake huwa haba. Samaki mwingine angetweta na kufa. Beta amejaaliwa kiungo maalumu kichwani, juu ya matamvua, chenye vijumba vingi vilivyopindanapindana. Hupanda juu ya maji, akameza hewa kinywani, na kiungo hicho hutoa oksijeni katika hewa ile na kuipeleka kwenye damu. Ndiyo maana utamwona kila baada ya muda anapanda juu, anagusa uso wa maji kwa mdomo, kisha anashuka.

Jambo hilo si geni kabisa kwetu Afrika Mashariki. Kambare naye ana kiungo cha kuvutia hewa, na wakazi wa bara wanajua kuwa usiku wa mvua anaweza kujiburura juu ya nyasi kutoka dimbwi moja hadi jingine. Kamongo wa Ziwa Victoria ana mapafu kabisa. Samaki hawa wamepewa uwezo huo ili maji ya mahali walipo yakiharibika wasifie pale pale.

Hapo ndipo penye siri ya kuruka. Katika shamba la mpunga, beta anayeruka hufanya jambo la busara. Pengine amekimbia adui. Pengine amerukia mdudu aliyetua kwenye jani juu ya maji, maana wadudu ndio chakula chake. Pengine maji ya kidimbwi chake yamechafuka au yamepungua, naye anajaribu bahati kidimbwi cha jirani. Popote atakapoangukia, kuna uwezekano mkubwa wa kuwa ni majini au kwenye tope bichi. Akiangukia topeni, anaweza kujipigapiga hadi akafika kwenye maji, na muda wote huo anavuta hewa.

Sasa mwondoe huko, umtie katika chupa sebuleni. Chupa haikumwondolea tabia yake. Imeondoa tu dimbwi la jirani, na mahali pake pana marumaru.

Hata mkizi wetu wa Chokocho ana mambo yake. Wataalamu wanakubaliana na yule mzee kuwa mara nyingi mkizi huruka akikimbia samaki wakubwa. Wengine huongeza kuwa penye maji yenye oksijeni haba, huruka ili apate pumzi ya hewa. Chuchunge naye, kama wajuavyo wavuvi wa karabai, huruka akishtuliwa na mwanga usiku. Wavuvi wameyajua haya kwa kuyatazama. Katika bahari ya Mediterania hulaza wavu juu ya maji pembeni mwa wavu uliosimama, kwa sababu wanajua kuwa mkizi akizingirwa atauruka ule wa kwanza na kuangukia wa pili. Mvuvi anamjua samaki ili amkamate. Sisi tunaomfuga tunapaswa kumjua angalau kiasi hicho, ili aishi.

Tuje basi kwenye kinga. Tahadhari kabla ya hatari, na tahadhari ya kwanza ni mfuniko.

Tangi la beta halifai kukaa wazi hata usiku mmoja. Mtu husema, "Huyu wangu ni mpole, ana miezi 6 hajaruka." Samaki huruka mara moja tu akafa, na miezi 6 ya upole haimsaidii. Mfuniko wa kioo ni mzuri: fundi wa vioo atakukatia kwa kipimo, akusugulie kingo zisikukate, na aache pembe moja ndogo kwa ajili ya chakula na waya. Wavu mgumu wa plastiki wenye matundu madogo, uliofungwa vizuri ukingoni, nao unatosha. Ama karatasi ya boksi haifai, kwani hulowa mvuke, ikalegea na kutumbukia.

Kwa mwenye chupa au bakuli, nyumba nyingi za kwetu zina kifaa tayari: kawa ya ukindu, ile ya kufunikia chakula. Hupitisha hewa na hukaa imara. Chagua isiyotiwa rangi, kwa kuwa mvuke unaweza kuidondosha rangi majini, na uwe nazo mbili, moja ikianikwa juani nyingine ifunike, zisishike ukungu.

Angalia mianya. Mahali panapopita mpira wa pampu au waya wa taa ndipo samaki anapotokea. Beta mkubwa ana urefu wa kama sentimita 6 bila kuhesabu mkia, na mwembamba wa mwili. Tundu linalopitisha kidole chako cha gumba linampitisha naye. Lizibe kwa kipande cha sponji safi.

Kisha usijaze maji hadi juu. Acha kama vidole vinne kati ya maji na mfuniko. Nafasi hiyo ina kazi mbili. Inamwongezea masafa ya kuruka, na inamwachia hewa. Kumbuka tulivyosema: samaki huyu anahitaji kupanda na kuvuta hewa. Ukimfunika pasiwe na nafasi juu ya maji, utamkosesha pumzi ndani ya maji yake mwenyewe.

Hata hivyo, msikilizaji, mfuniko unazuia kutoka tu. Hauondoi sababu ya kutaka kutoka. Samaki anayegonga mfuniko kila siku anakuletea malalamiko, nawe huna budi kuyasikiliza.

Lalamiko kubwa ni maji. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu inayounguza matamvua. Katika tangi lililokomaa, bakteria wema huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hao huchukua majuma kadhaa kuzaliana na kutosha. Katika chupa ndogo hawapati nafasi. Ndiyo maana chupa ya lita 1 ni jela inayogeuka choo. Mpe angalau lita 10, na 20 ni bora zaidi. Kila juma toa robo ya maji, uweke mengine, badala ya kumwaga yote na kusugua tangi kwa sabuni.

Maji ya bomba yakiwa yametiwa klorini, yatazame nayo. Klorini inayoua vijidudu kwa faida yetu inamwunguza samaki na kuwaua wale bakteria wema. Kuna dawa ya matone ya kuiondoa, inauzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Asiyeipata ayaache maji ndoo wazi kwa siku nzima, klorini ya kawaida itatoka yenyewe.

Lalamiko la pili ni joto. Beta hustawi katika maji ya nyuzijoto 24 hadi 28. Sisi wa pwani mara nyingi tumebahatika, hatuhitaji kifaa cha kupashia, lakini chupa iliyowekwa dirishani penye jua huwa supu ifikapo adhuhuri. Kwa ndugu zetu wa Arusha, Iringa au Nairobi, mambo ni kinyume: huko usiku maji hupoa mno, na kifaa cha kupashia ni lazima. Hata pwani, chumba chenye kiyoyozi usiku kucha ni Iringa ndogo.

Lalamiko la tatu ni hofu. Madume mawili yakiwekwa chupa kwa chupa, yakaonana mchana kutwa, yatatanua mapezi na kurushiana vitisho mpaka moja lirukie la pili. Weka karatasi kati yao. Kioo cha kabati kinachomrudishia sura yake nacho ni adui asiyeondoka. Pampu yenye nguvu inayochafua maji humchosha, kwa sababu yeye ni wa maji yaliyotulia. Na taa inayowashwa ghafla usiku wa manane humshtua kama inavyomshtua chuchunge. Washa taa ya chumba kwanza, ya tangi baadaye.

Dawa ya hofu ni maficho. Mimea inayoelea humpa kivuli na kumpunguzia hamu ya kuruka. Wafugaji wa Asia ya Kusini Mashariki hutumia pia jani kavu la mti ambao sisi tunao kila mtaa: mkungu. Jani hilo likiloweka huyapa maji rangi kama chai nyepesi, mfano wa maji ya kinamasi, na samaki hujificha chini yake. Okota lililokauka lenyewe, mbali na barabara na mahali palipopulizwa dawa, lioshe vizuri, kisha litie.

Hapa sina budi nisimame kidogo, maana nimetaja kupuliza dawa. Mtu anaweza kusema: nina kipande cha chandarua cha zamani, ndicho nitakachofunikia tangi. Ngoja! Vyandarua vyenye dawa vimetusaidia sana Zanzibar kupunguza malaria, lakini dawa yake ni ya jamii iliyoigwa kutoka kwenye pareto, ua linalolimwa katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Dawa za jamii hiyo, ambazo hazitusumbui sisi tukilala chini ya chandarua, ni sumu kali kwa samaki. Wazee wetu walijua utupa, mmea unaopondwa na kutiwa majini ili samaki walewe. Chandarua chenye dawa juu ya tangi ni utupa mwingine. Hali kadhalika dawa za kupuliza za makopo na udi wa mbu: nyingi zina sumu za jamii hiyo hiyo, na pampu ya hewa huvuta moshi ule na kuusukuma majini. Ukitaka kupuliza, mtoe samaki chumbani kwanza, chombo chake kimefunikwa, na asirudi mpaka chumba kimepata hewa. Chandarua kikae kitandani, kimkinge mtoto.

Na kama umeshachelewa, umemkuta sakafuni? Usimtupe upesi. Kwa kuwa anaweza kuvuta hewa, beta anaweza kuwa hai hata baada ya saa kadhaa nje ya maji, maadamu ngozi na matamvua yake hayajakauka kabisa. Anaweza kuonekana amekufa naye yu hai. Lowesha mikono yako, mmwagie maji ya tangi lake pale alipogandia, kisha mnyanyue taratibu, usimbandue kwa nguvu. Mrudishe katika maji yake aliyoyazoea, punguza mwanga, mwache atulie, usimpe chakula siku hiyo. Akipona, mapezi yaliyochanika huota tena, ila maji yawe safi. Na kabla hujaondoka hapo, tafuta alikopitia, upazibe.

Jambo la mwisho. Wapo wanaochoka kufuga, wakaona huruma yao ni kumpeleka samaki mtoni au bwawani akajitafutie. Hiyo si huruma. Visiwa vyetu vina samaki wao. Unguja ina kisamaki chake kidogo cha madimbwi ya mvua, Nothobranchius guentheri, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1893, ambaye mayai yake husubiri ndani ya udongo wakati wa kiangazi mpaka mvua irudi. Ulimwenguni watu humfuga kwa fahari, nao pia hufunika matangi, maana naye huruka. Mgeni mpiganaji hana kazi katika madimbwi ya wenyeji. Ukichoka, mpe mtu anayeweza kumtunza.

Tumrudie mtoto wa dada yangu. Nilimwambia: hakukuchukieni. Aliruka kama walivyoruka baba zake, na sisi ndio hatukujua kuwa angeanguka pabaya. Alinyamaza muda, kisha akauliza kama tunaweza kumfunika mwingine. Likapatikana tangi dogo la lita 15. Likakaa majuma kadhaa likikomaa, na jani la mkungu ndani yake. Kisha akaja samaki mwekundu, na juu ikalazwa kawa ya bibi yake.

Usiku mmoja nilipolala pale nilisikia kitu kimegonga kawa, tap, kisha maji yakatikisika. Nikawasha taa ya ukumbini, nikachungulia. Samaki alikuwa chini ya jani lake, ametulia. Mtoto naye alikuwa ameshaamka, amesimama mlangoni, ananyoosha kidole kwenye kawa na kucheka.

Mkizi wa Chokocho ataendelea kuruka, na mvuvi ataendelea kupata riziki yake. Huyu wa sebuleni hana mvuvi anayemngojea chini. Ana sisi tu.

Hadi wiki ijayo, panapo majaaliwa, kwaherini.